Utumbo wa Mwaka wa Ishirini na Mbili

Ndugu zangu mlioumia uti wa mgongo, mama zetu, wake na waume mnaotuuguza, wauguzi na madaktari mliokuja kukaa nasi leo, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya choo, na nashukuru kwamba walioniomba hawakuzunguka. Nami nitakitaja kwa jina lake. Kwa miaka mingi nilikificha ndani ya maneno ya adabu: "tumbo linanisumbua kidogo," "sijisikii vizuri." Daktari aliyesikia hayo aliniandikia dawa ya tumbo la mtu yeyote, nikarudi nyumbani na shida yangu ileile.

Niliumia nikiwa na umri wa miaka 26, kwenye pingili ya nne ya kifua, ile wataalamu wanayoiandika T4. Huu ni mwaka wangu wa 22 kwenye kiti cha magurudumu. Katika miaka yote hiyo watu wameniuliza mara zisizohesabika kama nitatembea tena. Anayeniuliza kama leo nimepata choo ni mke wangu peke yake. Lakini siku yangu haiamuliwi na miguu, miguu nilishaizoea. Siku yangu inaamuliwa na kile kilichotokea, au kilichokataa kutokea, kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa mbili asubuhi.

Wala si mimi tu. Mwaka 2004 mtafiti wa Marekani aitwaye Kim Anderson, ambaye mwenyewe anaishi na jeraha kama letu, alichapisha majibu ya watu 681 aliowauliza ni kipi wangependa kirudi kwanza. Waliopooza mikono na miguu walisema mikono. Waliopooza miguu walitaja kwanza tendo la ndoa. Makundi yote mawili yalikutana kwenye kibofu na utumbo. Kutembea, ambako kila mtu hutuombea, hakukushika nafasi ya kwanza kwa kundi lolote.

Ninalotaka kuwaambia leo ni hili: utaratibu wa choo tuliofundishwa wodini miezi ile ya kwanza haukutengenezwa utumike maisha yetu yote. Utumbo unabadilika. Unazeeka kama sisi, tena unazeeka ukiwa umekatiwa mawasiliano na ubongo. Mtu anayeng'ang'ania utaratibu wa mwaka wa kwanza mpaka mwaka wa kumi na tano, kama nilivyofanya mimi, anateseka bure.

Kwanza tuelewane unavyofanya kazi. Mgongo ukiumia, utumbo haufi. Ndani ya ukuta wake una mtandao wake wenyewe wa neva, na mtandao huo unaendelea kusukuma chakula hata ubongo ukinyamaza. Kinachopotea ni habari na amri. Ubongo haupati tena habari kwamba puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo, imejaa, wala hauwezi kuuamuru msuli wa njia ya haja kubwa ubane au uachie. Mwendo nao unapungua, hasa kwenye utumbo mpana, na choo kinachokaa humo siku nyingi kinanyonywa maji mpaka kinakuwa kokoto.

Baada ya hapo tunagawanyika makundi mawili, na nawasihi kila mmoja wenu alijue kundi lake kabla hajaondoka hapa. Walioumia shingoni au kifuani, sehemu ya chini kabisa ya uti wao bado iko nzima, ile yenye neva zinazoandikwa S2 hadi S4. Sehemu hiyo inaendelea kufanya kazi kivyake, kama mlinzi aliyeachwa lindoni bila mkubwa wake. Puru ikiguswa, inajibu na kusukuma. Mlango wenyewe unabaki umekaza. Walioumia chini, kwenye ncha ya uti au kwenye mkia wa neva unaoteremka kutoka hapo, mlinzi huyo ameondoka. Puru imelegea, mlango umelegea, na hata ukichokoza kwa kidole hupati jibu. Hawa choo chao hutolewa kwa kidole, aghalabu kila siku na wengine mara mbili kwa siku, na kinatakiwa kiwe kigumu kiasi ili kisivuje.

Iko chati inayotumika duniani kote, chati ya Bristol ya mwaka 1997, inayopanga choo katika aina saba, kutoka vigololi vikavu hadi maji matupu. Watu wa kundi la kwanza tunatafuta aina ya nne, laini iliyoshikamana. Wa kundi la pili wanatafuta aina ya tatu. Mnaweza kudhani tofauti hiyo ni ndogo. Nimemwona kijana wa kundi la pili aliyepewa dawa za kulainisha kwa kipimo cha mtu wa kundi la kwanza. Akawa anachafuka kila akihamia kitini, akaacha kazi. Alipopunguziwa dawa hizo, alirudi kazini ndani ya mwezi mmoja.

Mimi ni wa kundi la kwanza. Wodini nilifundishwa hivi: kunywa kitu cha moto na kula, kisha kusubiri nusu saa, kwa sababu chakula kikishuka tumboni utumbo mpana nao huamka. Kuhamia kiti cha choo. Kuvaa glavu, kupaka jeli, kuweka kidonge cha njia ya haja kubwa na kukigusisha na ukuta wa puru, kwani kikizama katikati ya choo hakifanyi kazi yoyote. Kusubiri. Kisha kuingiza kidole taratibu na kukizungusha sekunde 15 hadi 20 mpaka usikie ukuta unalegea, na kurudia kila baada ya dakika tano hadi kumi. Ukizungusha mara mbili mfululizo pasitoke kitu ila ute, umemaliza. Mwaka wa kwanza kazi yote ilinichukua dakika 35. Mwalimu wangu, muuguzi mtu mzima mwenye mikono mitulivu, alisema, "Ukishika ratiba, ratiba itakushika." Nilimwamini, na kwa miaka minane ilikuwa kweli.

Mwaka wa tisa dakika 35 zikawa saa nzima. Mwaka wa kumi na mbili, saa moja na nusu. Kufika mwaka wa kumi na nne nilikuwa nakaa pale saa tatu, asubuhi moja baada ya moja, nikiamka gizani ili niwahi kazi. Makalio yangu, ambayo hayasikii maumivu, yalianza kuwa mekundu, na wekundu ule ndio mlango wa vidonda vya mgandamizo. Bawasiri zikatokeza, damu ikaanza kuonekana kwenye glavu. Na je, nilimwambia nani? Sikumwambia mtu. Niliamini kosa ni langu, kwamba nimekuwa mvivu wa maji, kwamba sifanyi sawasawa.

Ningekuwa najua wakati ule ninachojua sasa! Watafiti wa Denmark waliwafuatilia watu walewale wenye majeraha ya uti wa mgongo kwa miaka kumi, wakakuta kwamba kadiri miaka inavyokwenda, matatizo ya kufunga choo yanaongezeka, hata pale ambapo kuponyokwa na choo kumepungua. Mambo yaliyonipata yanawapata wengi. Utumbo mpana unaojaa mara kwa mara unapanuka, na uliopanuka unasukuma kwa unyonge. Juu yake tunarundika dawa. Dawa ya kutuliza kibofu inafunga choo. Dawa za maumivu za jamii ya mofini zinafunga choo, tena vibaya sana. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma, vilevile. Nami nilikuwa natumia mbili kati ya hizo tatu, nilizoandikiwa na watu wawili tofauti katika vyumba viwili tofauti, na hapakuwa na aliyeuliza utumbo wangu unazipokeaje.

Kisha siku moja nikaanza kuharisha. Maji matupu, mara tano sita kwa siku, bila onyo. Nilikwenda kliniki nikapewa dawa ya kuzuia kuharisha. Tafadhali nisikilizeni vizuri hapa, hasa wauguzi. Kwa mtu mwenye utumbo kama wangu, kuharisha ghafla kunaweza kuwa na maana kwamba amefunga kabisa. Choo kigumu kimeziba njia kama jiwe kwenye mfereji, na yale maji yanapenya pembeni. Dawa ya kuzuia inalifanya jiwe kuwa kubwa zaidi. Nilikunywa dawa ile siku nne. Tumbo likavimba, nikawa sili, na miguu yangu ikawa inakakamaa na kurukaruka kuliko kawaida. Miguu ndiyo iliyosema, kwa kuwa tumbo halikuwa na sauti ya kusema. Kwa sisi maumivu ya tumbo hayaji kama kwa wengine. Yanakuja kama mikakamao, kama jasho, kama maumivu ya bega, kama kukosa hamu ya kula. Mtu wa aina yetu akikwambia "leo siko sawa" na hajui ni nini, mguse tumbo, na mpime puru.

Nikalazwa. Sitaitaja hospitali hiyo, na wala sisemi haya ili kumshtaki mtu, kwa sababu hata leo yanatokea katika hospitali nyingi zenye wauguzi wema. Nilimweleza muuguzi wa zamu kwamba natolewa choo kwa kidole, na kwamba mke wangu hakuruhusiwa kubaki usiku. Akaniambia kwa upole kwamba wodi yao hawafanyi jambo hilo, kwamba linaweza kunidhuru na kwamba linamvunjia mgonjwa heshima. Akaniwekea kitambaa cha kunyonya, akaondoka.

Saa nane usiku kichwa kilianza kunigonga. Nataka mkione kama nilivyokiona. Kilikuwa kama nyundo kila moyo unapopiga, na moyo wenyewe ulikuwa unapiga polepole, kwa kishindo. Uso ulikuwa unawaka. Jasho lilinitoka kichwani na shingoni, huku chini ya kifua ngozi ni kavu, ya baridi, imesimama vinyweleo. Presha yangu ya kawaida ni 95 kwa 60. Walipokuja kuipima ilikuwa 178 ya juu. Daktari kijana akataka kunilaza nipumzike.

Hali ile wataalamu wanaiita disrefleksia ya otonomia. Inatuhusu sisi tulioumia kwenye T6 au juu yake. Kitu kikiusumbua mwili chini ya jeraha, kibofu kilichojaa, puru iliyojaa, hata ukucha ulioota ndani, mishipa ya damu ya huko chini inabana, presha inapanda, na ubongo hauwezi kutuma amri ya kuilegeza. Ikiachwa inaweza kupasua mshipa wa ubongoni. Inaua. Kwa sababu presha zetu za kawaida ziko chini, zikipanda 20 hadi 40 tu juu ya kawaida hiyo, tayari ni hatari, hata kama namba inaonekana nzuri kwenye karatasi ya mgonjwa mwingine. Cha kwanza ni kumkalisha mtu wima na kuteremsha miguu, si kumlaza. Legeza nguo na mkanda. Tazama mpira wa mkojo kama umejipinda, toa mkojo. Kama presha bado iko juu, ndipo uende kwenye puru, ukianza na jeli ya ganzi na kuipa dakika chache ifanye kazi, kwa sababu kidole bila ganzi wakati huo kinaweza kuipandisha presha zaidi.

Aliyeniokoa ni mhudumu wa usafi wa usiku. Alikuwa na kaka aliyeumia shingo. Aliingia kudeki, akaniangalia usoni, akasema, "Huyu mkalisheni." Wakanikalisha. Nikapata sauti ya kumwelekeza daktari kijana hatua kwa hatua, naye, namshukuru mpaka leo, hakuona haya kuelekezwa na mgonjwa. Choo kilipotoka, presha ilishuka ndani ya dakika kumi.

Mwaka 2018 huduma ya afya ya taifa ya Uingereza ilitoa tahadhari rasmi ya usalama kwa hospitali zake juu ya jambo hili hasa: kwamba wagonjwa wetu wakilazwa wananyimwa huduma ya choo waliyoizoea nyumbani, na kwamba kuwanyima kunaweza kuwasababishia hali niliyoieleza. Kama nchi yenye wodi maalumu za uti wa mgongo tangu daktari Ludwig Guttmann alipoanza kazi hospitali ya Stoke Mandeville mwaka 1944 ilihitaji kuandikiwa onyo hilo, sioni kwa nini sisi wagonjwa tuone aibu kulibeba wenyewe mkononi. Mimi natembea na kadi. Imeandikwa presha yangu ya kawaida, dalili, na hatua zile, kwa maneno mafupi. Namkabidhi muuguzi kabla sijamwambia jina langu.

Baada ya usiku ule nilianza upya. Muuguzi mmoja wa uti wa mgongo alinipa daftari, akaniambia niandike kila asubuhi mambo manne: nimeanza saa ngapi, nimemaliza saa ngapi, aina gani kwenye chati, na kama nimechafuka katikati ya siku. Hakubadilisha kitu kwa wiki mbili, alisoma tu. Kisha akabadilisha kimoja. Nasisitiza, kimoja. Wengi wetu tukikwama tunabadilisha dawa, saa, chakula na kidonge kwa siku moja, halafu hatujui kilichosaidia wala kilichoharibu. Badilisha kimoja, kiache kipite mizunguko mitatu hadi mitano ya choo, ndipo uhukumu. Utumbo wetu hujibu polepole.

Kuhusu chakula sitakaa sana. Kunyweni maji, mkiyapanga pamoja na ratiba yenu ya kutoa mkojo. Makapi ya nafaka na mboga ni mazuri kwa kiasi, lakini ushauri wa "ongeza nyuzinyuzi" unaofaa kwa jirani yako anayetembea unaweza kukuziba wewe. Mwili wenye mwendo wa polepole ukiongezewa mzigo unakuwa na mzigo tu. Ongeza kidogo, andika kwenye daftari, tazama.

Pale ambapo mabadiliko madogo hayatoshi, kuna hatua zaidi, na inaniuma kwamba wengi wetu hatuambiwi kwamba zipo. Ipo njia ya kuosha utumbo kwa maji kupitia njia ya haja kubwa, kwa mrija wenye puto dogo linalouzuia usitoke, ukiwa umekaa kwenye kiti cha choo. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wiki kumi lililofanywa kwa watu 87 katika vituo vitano vya Ulaya. Waliotumia njia hiyo walifunga choo kidogo na kuchafuka kidogo kuliko wenzao waliobaki na utaratibu wa kawaida. Mimi ndiyo ninayotumia sasa, siku moja naosha, siku moja napumzika. Inahitaji kufundishwa na mtu anayeijua, kwa sababu utumbo kutoboka, ingawa ni nadra sana, ni jambo la kufa na kupona. Upo pia upasuaji aliouelezea daktari mpasuaji Padraig Malone mwaka 1990, ambapo kidole tumbo hutumiwa kutengeneza kijitundu kwenye ngozi ya tumbo, na maji yanaingizwa kutoka juu.

Na upo mfuko. Neno hili linatutisha, najua. Utumbo mpana unatolewa kwenye ukuta wa tumbo, choo kinaingia mfukoni. Ninaye rafiki, mwanamke aliyeumia shingo, ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa anashughulikiwa na binti yake kila siku jioni. Binti akaolewa. Mama akaomba mfuko. Nilimtembelea miezi sita baadaye nikamkuta anapanga safari, kitu ambacho hakuwahi kukipanga tangu aumie. Aliniambia, "Wangenieleza mapema, nisingemfunga mwanangu miaka yote ile." Wengi waliofanyiwa upasuaji huo husema maneno yanayofanana na hayo. Sisemi kila mtu akatwe. Nasema kila mtu aelezwe, mapema, angali ana nguvu za kuchagua.

Damu. Msiizoee. Mara nyingi ni bawasiri au mchubuko wa kidole, na kwa sababu mara nyingi ni hivyo, tunaacha kuangalia. Saratani ya utumbo mpana haitusamehi kwa kuwa tuna jeraha la mgongo, na dalili zake, kubadilika kwa choo, damu, kukonda, zinafanana na maisha yetu ya kila siku. Mkifika umri wa kupimwa, pimweni. Mkiandaliwa kwa kipimo cha kamera, mwambieni daktari kwamba dawa ya kusafisha utumbo inayowatosha wengine kwa siku moja huenda isiwatoshe ninyi, na mwombe muda zaidi na msaada wa kuhama kitandani.

Na neno kwa wanandoa, kwa sababu mke wangu ameketi pale mbele na ameniruhusu. Kwa miaka mitatu, mabega yangu yalipochoka kwa kusukuma kiti, yeye ndiye aliyenisaidia choo. Alifanya kwa upendo. Lakini jioni ya siku hiyohiyo tulishindwa kuwa mume na mke, na hatukujua namna ya kusemezana. Tulipopata mhudumu wa kuja asubuhi, tulirudiana. Wenye uwezo wa kutenganisha kazi hizo mbili, zitenganisheni. Wasio na uwezo, basi angalau mzungumze, na msidhani ukimya wa mwenzio ni kuchoka nawe.

Nitabaki hapa mpaka jioni. Kile chumba cha upande wa kushoto kina pazia, na muuguzi mmoja wa kike yumo kwa ajili ya kina mama. Njooni na majina ya dawa zenu zote, hata zile ambazo hazihusu tumbo, na mtaje mwaka mlioumia. Daftari tupu ziko mezani, chukueni.